Kutoka Msimbo hadi Ukurasa: Namna Injini za Vivinjari Zinavyoonyesha Matini za Kiswahili

Ikisiri

Matini za Kiswahili, za kitaaluma na za kifasihi, zinazidi kuchapishwa na kusomwa katika kurasa za wavuti. Hata hivyo, wahariri na waandishi wengi huuchukulia ukurasa wa wavuti kama ukurasa wa kitabu, yaani kitu chenye sura moja iliyokwisha kuamuliwa. Makala hii inaeleza hatua ambazo injini ya uonyeshaji, iliyomo ndani ya kivinjari, huzipitia ili kugeuza mfuatano wa alama kuwa ukurasa unaosomeka: kusoma herufi, kujenga mti wa waraka, kutumia kanuni za mtindo, kupanga visanduku na mistari, na kuchora. Katika kila hatua, makala inaonyesha mahali ambapo sifa za Kiswahili huguswa: kitenzi kirefu, herufi ng', umbo la ubeti na maandishi ya hati ya Kiarabu. Hoja kuu ni kwamba injini huonyesha muundo uliotangazwa katika waraka, wala haikisii muundo ambao mwandishi aliuona kwa macho wakati wa kuandika. Kwa hiyo, jukumu la kulinda umbo la matini ya Kiswahili ni la mhariri.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayefungua ukurasa wa wavuti huona kichwa cha makala, aya, maneno yenye wino mzito na pengine beti za shairi. Ni rahisi kudhani kwamba ukurasa huo umehifadhiwa mahali fulani ukiwa na sura hiyo hiyo, kama ukurasa wa kitabu ulivyo hata kabla ya kitabu kufunuliwa. Sivyo ilivyo. Kinachosafiri kutoka kwenye seva ni mfuatano wa herufi na alama. Sura hutengenezwa upya katika kifaa cha msomaji kila ukurasa unapofunguliwa, na sehemu ya kivinjari inayoifanya kazi hiyo ndiyo inayoitwa hapa injini ya uonyeshaji.

Kwa mwanaisimu, jambo hili si geni. Sarufi zalishi ilitofautisha muundo wa ndani wa sentensi na umbo la nje linalosikika au kuandikwa, na ikaeleza kanuni zinazouunganisha muundo huo na umbo hilo. Ukurasa wa wavuti nao una muundo wa ndani, ambao ni waraka wenye lebo, na umbo la nje, ambalo ni picha inayoonekana kwenye skrini. Injini ndiyo inayobeba kanuni za kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ulinganisho huu una mipaka yake, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 3.2, lakini unatosha kutuongoza.

2.0 Usuli: Muundo na Sura

Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la kwanza la mfumo uliokuja kuwa wavuti mwaka 1989, akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Lugha ya kuandikia kurasa iliyotokana na kazi hiyo, HTML, ilitaja kila sehemu ya waraka kwa kazi yake: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Baadaye waandishi wa kurasa walidai uwezo wa kuamua rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, na lebo za sura zikaanza kuchanganyika na lebo za muundo. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya pili, CSS, ili maelezo ya sura yakae peke yake. Toleo lake la kwanza, aliloliandaa pamoja na Bert Bos, liliidhinishwa na shirika la W3C mwezi Desemba 1996. Mgawanyo huo wa kazi, HTML kwa muundo na CSS kwa sura, ndio msingi wa yote yanayofuata.

Injini zinazotawala leo ni tatu. Gecko hutumiwa na Firefox, WebKit hutumiwa na Safari, na Blink hutumiwa na Chrome, Edge na Opera. Zina nasaba kama zilivyo lahaja: Blink ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, na WebKit yenyewe ilikuwa imechipuka kutoka KHTML, injini ya mradi wa KDE. Zote zinafuata viwango vilevile vilivyoandikwa, na ndiyo sababu hatua zilizoelezwa hapa chini zinahusu zote kwa jumla, ingawa kila moja ina mbinu zake za utekelezaji.

3.0 Hatua za Kazi ya Injini

3.1 Kutoka baiti hadi herufi

Kitu cha kwanza kinachoifikia injini ni baiti, yaani namba tupu. Ili kuzigeuza kuwa herufi, injini inahitaji kujua ni jedwali gani lililotumika. Jedwali linalokubalika leo ni Unicode, ambalo huwekwa katika baiti kwa utaratibu uitwao UTF-8. Katika utaratibu huo, alama 128 za jedwali la zamani la ASCII huchukua baiti moja kila moja, na alama nyingine huchukua baiti mbili hadi nne.

Kiswahili sanifu kina bahati hapa. Herufi zake zote zimo katika ASCII, wala hazina alama za juu au chini. Kwa hiyo, hata kivinjari kikikosea jedwali, matini ya Kiswahili kwa kawaida hubaki ikisomeka, tofauti na Kifaransa au Kiyoruba. Mahali pa hatari ni ng'. Mwandishi akitumia alama iliyonyooka, yenye namba U+0027, hakuna tatizo, kwani alama hiyo ni baiti moja. Lakini programu nyingi za uandishi huibadilisha alama hiyo kuwa iliyopinda, U+2019, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Baiti hizo zikisomwa kwa jedwali la zamani la Windows la lugha za Ulaya Magharibi, kila baiti hugeuka alama yake, na msomaji hukuta ngâ€™ombe badala ya ng’ombe. Makosa ya namna hii hutokana na tangazo la jedwali lililokosekana au lililo tofauti na jedwali lililotumika kweli.

Kuna jambo jingine la ndani zaidi. Unicode ina alama ya tatu inayofanana na hizo mbili, U+02BC, ambayo imeainishwa kuwa herufi, ilhali mbili za kwanza zimeainishwa kuwa alama za uakifishaji. Kifonolojia, alama iliyomo katika ng' si uakifishaji. Ni sehemu ya herufi inayowakilisha nazali ya kaakaa laini na kuitofautisha na ng ya ngoma. Hata hivyo, matini zetu nyingi zimeandikwa kwa alama mbili za uakifishaji. Programu inayolinganisha maneno kwa namba za herufi zake italihesabu neno nyang'anya kuwa maneno matatu tofauti endapo litaandikwa kwa njia zote tatu. Kwa anayejenga kongoo au kamusi ya mtandaoni, hasara hiyo si ndogo.

3.2 Uchanganuzi na mti wa waraka

Baada ya kupata herufi, injini huzichanganua. Lebo za HTML huandikwa ndani ya mabano ya pembe, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, na kilichomo kati yake ni mali ya lebo hiyo. Injini husoma lebo moja baada ya nyingine na kujenga mti: shina ni waraka mzima, matawi ni sehemu zake, na majani ni vipande vya maandishi. Aya yenye neno lililosisitizwa ni tawi lenye tawi dogo ndani yake. Yeyote aliyewahi kuchora matawi ya sentensi darasani atautambua mchoro huu mara moja.

Hapa ndipo ulinganisho na sarufi unapofika mwisho wake. Mwanasarufi akikutana na tungo *Mtoto kinacheza huiwekea kinyota na kuikataa. Injini haikatai chochote. Lebo ikikosa kufungwa, au zikifungwa kwa mpangilio uliopinduka, injini hurekebisha na kuendelea. Zamani kila injini ilirekebisha kwa namna yake, na ukurasa mmoja uliweza kutoa miti tofauti katika vivinjari tofauti. Kiwango cha HTML5, kilichoidhinishwa na W3C mwaka 2014, kiliandika kwa kina namna ya kurekebisha kila kosa, ili injini zote zifikie mti mmoja.

Uvumilivu huo una gharama: kosa halionekani. Mfano mzuri unatokana tena na ng'. Lebo inaweza kubeba sifa, na thamani ya sifa huruhusiwa kufungwa kwa alama moja iliyonyooka kila upande. Mhariri akiandika title='ng'ombe', injini huona kwamba thamani imekomea kwenye ng, kisha huchukua ombe' kuwa jina la sifa nyingine isiyojulikana. Ukurasa utafunguka bila onyo lolote, ila neno litakuwa limekatwa. Kufunga thamani kwa alama mbili kila upande huondoa tatizo hilo kabisa.

3.3 Kanuni za mtindo

Mti wa waraka bado hauna sura. Injini hukusanya kanuni za CSS kutoka vyanzo vitatu: kanuni za kivinjari chenyewe, mapendeleo ya msomaji, na kanuni za mwandishi wa ukurasa. Kanuni mbili zinapogongana, utaratibu maalumu huamua ipi itawale, kwa kuangalia chanzo chake, kiwango cha umahususi wake, na ipi iliyoandikwa mwisho. Baadhi ya sifa, kama vile fonti na rangi ya maandishi, hurithiwa kutoka tawi kubwa hadi tawi dogo. Nyingine, kama mipaka ya kisanduku, hazirithiwi.

Ni kanuni za kivinjari zinazofanya kichwa kiwe kikubwa na kizito hata kama mwandishi hakusema lolote. Ukubwa huo ni desturi tu na unaweza kubadilishwa. Kinachobaki ni ukweli kwamba sehemu hiyo ni kichwa. Mhariri anayeandika kichwa kama aya ya kawaida kisha kukipa wino mzito amepata sura akakosa muundo. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti, hawezi kuruka kutoka kichwa hadi kichwa katika makala ya namna hiyo, kwa sababu katika mti hakuna vichwa vyovyote.

3.4 Mpangilio

Sasa injini hupima. Kila tawi lenye kuonekana hupewa kisanduku. Kwa kawaida upana hutoka juu kwenda chini: kisanduku cha aya hupata upana wake kutokana na kisanduku kilichokizunguka. Urefu hutoka chini kwenda juu: aya huwa ndefu kadiri mistari yake ilivyo mingi. Ili kujua idadi ya mistari, injini hupima upana wa kila neno kwa vipimo vya fonti iliyochaguliwa, huyapanga maneno mpaka mstari ujae, kisha huanza mstari mpya. Katika maandishi ya Kilatini, mahali pa kawaida pa kukata mstari ni penye nafasi kati ya maneno.

Kanuni hii inakigusa Kiswahili moja kwa moja. Kitenzi cha lugha ambishi bainishi hubeba nafsi, njeo, urejeshi, yambwa na minyambuliko katika neno moja. Maneno kama yaliyowasababishia au watakapotuambia hayana nafasi yoyote ndani yake, ilhali Kiingereza kingetumia maneno kadhaa, kila moja likiwa na mahali pa kukatia baada yake. Kwenye skrini pana tofauti hiyo haionekani. Kwenye simu, ambako mstari ni mfupi, neno moja refu huhamia mstari wa pili na kuacha pengo nyuma yake. Na mhariri akiwa ameamuru mistari ilingane pande zote mbili, pengo hilo hugawanywa kati ya maneno machache yaliyobaki, na mstari ukapwaya.

3.5 Uchoraji

Hatua ya mwisho ni kuchora: mandharinyuma, mipaka, kisha maandishi, pikseli kwa pikseli. Injini huugawa ukurasa katika tabaka ili msomaji anaposogeza ukurasa tabaka zihamishwe bila kupimwa upya. Lakini akiigeuza simu upande, upana hubadilika na mpangilio hufanywa upya wote. Ukurasa wa wavuti, kwa hiyo, hauna mstari wa tatu wala ukurasa wa tano ambao wasomaji wote wanauona sawa.

4.0 Matini za Kiswahili mbele ya Injini

4.1 Ubeti wa shairi

Shairi la kimapokeo huwa na mishororo minne katika ubeti, kila mshororo ukiwa na vipande viwili, ukwapi na utao, vyenye mizani minane kila kimoja, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Katika chapa, vipande hivi hutenganishwa kwa nafasi, na macho huona vina vikisimama wima. Tuchukue mishororo miwili iliyotungwa kwa ajili ya mfano huu:

Maneno yana mipaka,  mpangaji aione,
Beti zikivurugika,  umbo lisionekane.

Mhariri akiinakili mishororo hii ndani ya lebo ya aya kama ilivyo, msomaji ataona hivi:

Maneno yana mipaka, mpangaji aione, Beti zikivurugika, umbo lisionekane.

Injini haikukosea. Kanuni ya msingi husema kwamba nafasi nyingi zinazofuatana, pamoja na mwisho wa mstari katika msimbo, huhesabiwa kuwa nafasi moja. Kwa nathari kanuni hiyo inafaa, kwani humruhusu mwandishi kuupanga msimbo wake apendavyo. Kwa ushairi huondoa mshororo, na pamoja nao huondoa ishara ya kina.

Njia za kurekebisha zinatofautiana kwa ubora. Lebo ya pre huhifadhi nafasi zote, lakini kwa desturi ya vivinjari hutumia fonti ya herufi zenye upana sawa kama ya taipureta, na mshororo mrefu hutoka nje ya skrini ya simu. Lebo ya br hukata mstari mahali palipowekwa, ila haiwezi kusema ukwapi unakomea wapi. Wengine hutumia jedwali la safu mbili, na hapo lazima waangalie mpangilio. Ikiwa ukwapi wote wanne wamewekwa katika kijisanduku kimoja na utao wote katika kingine, jicho halitaona kasoro, lakini katika mti ukwapi wanne hutangulia utao wote. Programu ya kusoma kwa sauti itafuata mti. Anayenakili ubeti huo naye atapata mfuatano uliovunjika.

Njia iliyo bora ni kuutangaza muundo wenyewe: ubeti uwe tawi moja, kila mshororo uwe tawi ndani yake, na ukwapi na utao wawe matawi ya mshororo. CSS huweza kisha kuuweka utao kando ya ukwapi kwenye skrini pana, na kuushusha chini yake kwa kuuingiza ndani kidogo kwenye skrini nyembamba. Sura hubadilika kulingana na kifaa, lakini mshororo hubaki mshororo.

4.2 Lugha iliyotangazwa

Waraka unaweza kutaja lugha yake kwa sifa iitwayo lang. Kiswahili kina msimbo sw, nacho huweza kufuatwa na msimbo wa nchi, kama sw-TZ au sw-KE. Ukurasa mwingi wa Kiswahili hutengenezwa kwa kiolezo kilichoandikwa awali kwa Kiingereza, na tangazo la en husahaulika humo. Machoni hakuna kinachobadilika. Lakini programu ya kusoma kwa sauti huchagua sauti na kanuni za matamshi kwa kufuata tangazo hilo, na Kiswahili kikatamkwa kwa irabu za Kiingereza.

Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari nao hutegemea tangazo hilo. CSS ina sifa inayoiruhusu injini kuyakata maneno kwa kistari, lakini injini hufanya hivyo pale tu inapokuwa na kanuni za lugha iliyotajwa. Lugha isiyo na kanuni ndani ya injini haikatwi. Lugha iliyotangazwa kimakosa hukatwa kwa kanuni za wengine, zisizojua kwamba silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kanuni za Kiswahili si ngumu kuandika: neno hukatwa baada ya irabu, nazali inayotangulia konsonanti hubaki nayo, kama katika ki-ta-nda, na maneno ya mkopo yenye silabi funge, kama daktari na labda, huorodheshwa peke yake. Mhariri anayehitaji udhibiti sasa hivi anaweza kupachika alama ya kistari kilichofichwa, U+00AD, katika maneno marefu. Alama hiyo huonekana pale tu neno linapokatwa.

4.3 Kiswahili kwa hati ya Kiarabu

Urithi wa tenzi umehifadhiwa kwa kiasi kikubwa katika hati ya Kiarabu, na anayeuchapisha kwenye wavuti hukutana na kazi nyingine ya injini. Herufi huhifadhiwa kwa mfuatano wa kusomwa, na injini ndiyo inayozipanga kutoka kulia kwenda kushoto na kuchagua umbo la kila herufi kulingana na nafasi yake: mwanzoni, katikati, mwishoni au ikiwa peke yake. Harakati za irabu huwekwa juu au chini ya konsonanti kwa maelekezo yaliyomo ndani ya fonti. Fonti isiyo na herufi پ, چ au ڤ, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiarabu yenyewe, huilazimisha injini kuazima fonti nyingine, na neno moja huweza kuonekana lenye mikono miwili.

Mwelekeo nao lazima utangazwe kwa sifa dir yenye thamani rtl. Aya ikiachwa katika mwelekeo wa kushoto kwenda kulia, maneno yenyewe yatapangwa sawasawa, lakini nukta ya mwisho itakaa upande wa kulia, yaani pale sentensi inapoanzia. Tangazo kamili la lugha na hati ni sw-Arab, nalo hutofautisha matini hii na Kiarabu chenyewe.

5.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukurasa wa wavuti huzalishwa, na kwamba uzalishaji huo hutegemea muundo uliotangazwa. Kasoro zilizojadiliwa hazitokani na uadui wa teknolojia kwa Kiswahili. Mshororo hupotea kwa sababu haukutajwa kuwa mshororo, na Kiswahili husomwa kwa sauti ya Kiingereza kwa sababu kimetajwa kuwa Kiingereza. Mambo haya mhariri anaweza kuyarekebisha bila kusubiri mtu. Yapo mengine yanayohitaji kazi ya pamoja: kanuni za kukata maneno ya Kiswahili zilizoandikwa na kujaribiwa, fonti zenye herufi zote za Kiswahili cha hati ya Kiarabu, na makubaliano kuhusu alama moja ya ng'. Hayo ni maswali ya fonolojia, mofolojia na tahajia kabla hayajawa maswali ya kompyuta, na wenye ujuzi wa kuyajibu ni wataalamu wa Kiswahili. Makala inapendekeza kwamba misingi ya kuandaa matini za wavuti iingizwe katika mafunzo ya uhariri katika idara zetu, ili kazi za fasihi zinazohamishiwa mtandaoni zifike zikiwa na umbo lake, zitafutike, na zisomeke pia na wale wanaosoma kwa masikio.